Ramani ya Milango Kumi na Miwili

Mwaka wa 2007 nilikuwa mwaka wa pili chuoni Njoro. Kozi yangu kuu ilikuwa sosholojia, na kwa kuwa tuliruhusiwa kuchagua kozi nyingine ndogo ya kusoma kando, nilichagua sheria na jamii. Mama yangu, aliyekuwa akifunga maua katika shamba moja kule Naivasha, alifurahi kupita kiasi. Aliwatangazia majirani wote wa Karagita kwamba binti yake anasomea uwakili. Nikamwambia, "Mama, si uwakili. Tunasoma vile sheria na watu wanaishi pamoja." Akanitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji, kisha akaendelea kuwaambia watu ni uwakili.

Darasa letu lilikuwa la mchanganyiko. Kulikuwa na wa historia, wa falsafa, wa uchumi wa kilimo, na jamaa mmoja wa sayansi ya maziwa aliyekuja na gambuti moja kwa moja kutoka zizini. Mwalimu wetu alikuwa mwanamume mfupi mwenye sauti ya chini, na sweta moja ya kijani aliyoivaa kila siku kwa sababu ya baridi ya Njoro. Siku ya kwanza alituuliza ni nani aliwahi kupeleka kesi kortini. Hakuna aliyeinua mkono. Akauliza ni nani aliyegombana na mtu wiki hiyo. Tukacheka, mikono ikaenda juu darasa zima.

"Basi," akasema, "muhula huu tutasoma hapo katikati. Nyinyi wote mmegombana na hakuna aliyeenda kortini. Ni nani aliwaamua?"

Nililipenda lile swali. Kwetu Karagita tulipanga chumba kimoja kimoja, ukuta wa mwenzio ndio ukuta wako, na sikuwahi kufikiria kwamba namna mama yangu na majirani walivyogawana kamba ya nguo inaweza kuandikwa kitabuni.

Tulitakiwa kufanya utafiti mdogo, wawili wawili. Mimi nilimchagua rafiki yangu wa chumbani hosteli. Tulijuana tangu foleni ya kujisajili mwaka wa kwanza, siku aliponifunika nusu ya shuka lake kwa sababu nilikuwa nimekuja na kisweta chepesi cha Naivasha. Hatukuwa wa lugha moja ya nyumbani, na miaka ile hilo lilikuwa jambo la kutaniana tu: yeye akinicheka ninavyotamka "r", nami nikimcheka anavyokula ugali kwa maziwa ya mtindi kila siku ya Mungu. Kwao kulikuwa Nakuru mjini, mwendo wa dakika chache kutoka mtaa wa Kaptembwo. Ni yeye aliyesema twende huko, kuna ploti ya vyumba vya kupanga anayoijua ambayo watu wake hawapelekani kwa chifu.

Ploti yenyewe ilikuwa na milango kumi na miwili, sita huku na sita kule, na mfereji mmoja wa kuchotea maji katikati. Mlango wa tatu aliishi mama mmoja fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa pale nje kwenye varanda, na hakuna aliyeingia wala kutoka bila yeye kuona. Ndiye aliyekuwa hakimu wa ploti, ingawa hakuna aliyemchagua. Alikuwa mkali, mpenda sifa, na kesi ya binamu yake wa mlango wa tano siku zote alikuwa akiipunguzia makali. Lakini watu walimsikiliza.

Siku tuliyoenda mara ya kwanza alituuliza tukiwa bado tumesimama, "Nyinyi ni wa serikali?"

"Hapana, mama. Ni wanafunzi."

"Na haya mtaandika yataenda wapi?"

Nikamjibu yale tuliyofundishwa kujibu. "Ni ya shule tu. Hakuna mtu mwingine ataona. Hata majina hatutaandika, tutaandika namba ya mlango."

Akavuta stuli kwa mguu. "Keti. Na hiyo sketi yako imefumuka pindo, lete nishone tukiongea."

Tulienda pale Jumamosi saba au nane. Kesi niliyoipenda zaidi ilikuwa ya kuku wa mlango wa nne aliyetagia chini ya kitanda cha mlango wa kumi. Mwenye kuku alidai mayai yake. Mwenye kitanda akasema mayai yaliyo ndani ya nyumba yake ni yake. Nikajikuta nashindana na rafiki yangu kuhusu mali na umiliki, tukitumia maneno ya darasani. Mama fundi akawaacha waseme wote, hata sisi, kisha akauliza, "Huyu kuku anakula wapi?" Ikaonekana alikuwa akitupiwa makombo na milango yote kumi na miwili. Akaamuru mayai yachemshwe, kila mtoto wa ploti apate kipande.

"Kortini wangeuliza kuku ni wa nani," akaniambia akiendelea kukanyaga cherehani. "Sisi tunauliza kesho asubuhi hawa wawili wataamkianaje hapo kwa mfereji."

Niliandika maneno yale na kuyapigia mstari mara mbili.

Novemba nilichora ramani. Mwalimu alisema ramani husaidia kuonyesha nani anakaa karibu na nani, na kwa hivyo ugomvi huanzia wapi. Niliichora kwenye kurasa mbili za katikati ya daftari: milango, mfereji, choo, hata kamba ya nguo nikaichora na vinguo vidogo vinavyoning'inia, kwa kujifurahisha. Mama fundi aliiona akacheka hadi akafuta machozi. "Hiyo ni kaptula ya mzee wa mlango wa saba!" Mzee mwenyewe, mlinzi mstaafu wa reli, akaja kuiona kaptula yake.

Kando ya kila mlango niliandika watu wangapi, wanafanya kazi gani, na lugha wanayozungumza nyumbani.

"Hii ya lugha ni ya nini?" rafiki yangu aliuliza.

"Tutaonyesha kwamba hawaamui kesi kwa kabila," nikasema. "Bila hiyo tutathibitishaje?"

"Si unajua ni mwaka wa kura."

"Ni ya shule tu," nikamwambia yeye pia. Nilitaka alama. Niliona hoja nzuri na niliitaka.

Chuo kilipofungwa Desemba, nilirudi Karagita. Daftari likabaki na yeye, maana alikuwa na mwandiko mzuri na aliahidi kuiandika ripoti upya wakati wa likizo. Tuliagana kituoni Njoro, akaniambia nimsalimie mama wakili.

Yaliyofuata baada ya kura, kila mtu wa Bonde la Ufa anayo yake ya kusimulia, na mengi ya kwangu sitayasema hapa. Kadi za simu ziliisha madukani. Mama yangu na mimi tulikaa ndani siku nyingi tukisikiliza barabara. Mwanzoni mwa Januari rafiki yangu alinitumia ujumbe: "Tuko salama. Nyinyi je?" Nikajibu tuko salama. Mwisho wa mwezi, moto ulipofika Nakuru na kisha Naivasha, nilimwandikia tena na tena. Hakujibu. Nililala nikimwombea.

Chuo kilipofunguliwa nilipitia Nakuru kwanza. Rafiki yangu sikumpata kwa simu, nikaenda Kaptembwo kwa miguu. Mfereji ulikuwepo. Milango mitano haikuwepo, kulikuwa na mashimo meusi ukutani mahali pa milango. Mlango wa tatu ulikuwa mmoja wao. Mwanamke niliyemjua kidogo, wa mlango wa tisa, alikuwa akifua. Aliniona, akainama tena kwenye beseni, akasema bila kuniangalia, "Fundi yuko uwanja wa maonyesho. Kwa mahema."

Nilimtafuta kati ya mahema ya wakimbizi karibu mchana wote. Nikamkuta ameketi juu ya mtungi uliogeuzwa, anashona kwa mkono. Nilipiga magoti kumwamkia. Hakunipa mkono.

"Ulisema hayo maneno ni ya shule," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni ya shule."

"Basi shule yenu ilikuja saa tisa mchana."

Sikumwelewa. Akaiweka sindano kwenye kola ya gauni lake na kunieleza, polepole, kama anavyomweleza mteja bei ambayo haitapungua. Walikuja vijana wengi, na mmoja wao alikuwa na karatasi. Alikuwa anasoma karatasi na kuangalia milango. Mlango wa kwanza wakaupita. Wa pili wakaupita. Wa tatu wakagonga kwa mguu.

"Hakuuliza mtu wewe ni nani. Huko kwingine waliuliza, wakaangalia vitambulisho. Kwetu hakuna aliyeulizwa. Angeuliza nini na tumeandikwa?"

"Mama, pengine ni orodha ya mtu mwingine."

"Niliona ile kamba ya nguo," akasema. "Alikuwa amesimama hapa na mimi niko hapo. Niliona ile kaptula."

Mzee wa mlango wa saba alipigwa kichwani akitafuta njia ya kutokea nyuma. Alikuwa amepelekwa kwa watoto wake mbali, na jicho moja halikuwa likiona tena. Cherehani ilichukuliwa kabla nyumba haijatiwa moto. Mama fundi aliyaeleza haya yote bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, naye akaniambia nisilie pale, watoto wanaangalia.

Nilimpata rafiki yangu jioni ile chuoni. Alikuwa amefika kabla yangu, ametandika kitanda changu pia. Aliniona tu akajua. Tukatoka nje, tukasimama kwenye ua unaopakana na mashamba ya ngano, kwa kuwa chumbani tulikuwa wanne.

"Daftari liko wapi?"

"Ninalo."

"Zile kurasa za katikati?"

Akajifunga leso vizuri kichwani, akaifungua, akaifunga tena. "Kaka yangu aliniomba. Alisema wanataka kujua watu wetu wako milango gani, wasije wakaguswa kwa makosa. Alisema ni ya kuwalinda."

"Na wengine?"

Akageukia mashamba ya ngano.

"Nakuuliza, na wengine ulidhani watafanywa nini?"

"Ulitaka nifanye nini?" akafoka. "Wewe ulikuwa Naivasha! Huko kwetu wakati huo watu wa upande mwingine walikuwa wameshachoma nyumba ya shangazi yangu. Ungeniuliza hilo? Umeniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nikamuuliza wakati ule, akaniambia shangazi yuko hai. Kisha nikasema, "Ungeichoma ile karatasi. Ungemwambia imepotea."

"Na wewe usingeiandika," akasema. "Nilikwambia ile ya lugha ni ya nini."

Nimegeuza maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Alikuwa amesema kweli, na kweli yake haikupunguza hata kidogo alichonifanyia. Nilikuwa nimewapa watu ahadi, naye alijua, maana alikuwa amesimama kando yangu nilipokuwa nikiitoa. Usiku ule alivuta shuka lake akalala akitazama ukuta. Siku ya tatu nikahamia chumba kingine.

Nilienda kwa mwalimu. Sikujua mtu mwingine wa kumwendea. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na nilipofika nusu aliinuka akafunga dirisha. Alikuwa mtu mzuri, na bado naamini hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa sweta.

"Hiyo karatasi unayo?"

"Hapana."

"Kuna mtu mwingine aliyeiona mikononi mwao, mbali na huyo mama?"

"Sijui."

"Basi huna kitu," akasema kwa upole. "Na ukianza kusema, kabila la mwenzako na lako ndilo watu watasikia, si ramani. Chuo hakijatulia. Subiri. Nitawapa mada nyingine, ya vitabuni."

Mtu yule yule alikuwa ametuambia, muhula uliopita, kwamba sheria ya kwanza ya mtafiti ni asimdhuru aliyemfungulia mlango. Nilimkumbusha. Akasema anakumbuka. Akafungua dirisha tena, nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Wiki mbili baadaye aliingia darasani na ripoti zilizosahihishwa. Rafiki yangu hakuwa amechukua mada nyingine. Alikuwa ameiandika ile yetu, kwa mwandiko wake mzuri, bila ramani, na kuweka majina yetu wote wawili. Sijui kama mwalimu alisahau au aliamua kusahau. Alisimama mbele akasoma kwa sauti kesi ya kuku na mayai, kama mfano wa sheria inayoishi bila kitabu. Darasa likacheka mahali pa kuchekesha. Jamaa wa gambuti akapiga makofi. "Kesho asubuhi wataamkianaje kwa mfereji," mwalimu akasoma, akatua ili tuyaonje maneno.

Nilipaswa kusimama. Nimejisimamisha mara nyingi tangu siku ile, kichwani, na kila mara nina sauti na maneno. Siku yenyewe niliketi, nikapokea ripoti iliponifikia, nikaiangalia alama. Ilikuwa alama niliyokuwa nikiitaka.

Kilichonitoa usingizini ni mama fundi mwenyewe. Nilikuwa nikienda kambini Jumamosi, si kila Jumamosi, kumpelekea uzi na vitambaa alivyoniagiza. Hakuwa amenialika, ila hakunifukuza. Katikati ya mwaka kulikuja watu wa tume ya kuchunguza ghasia zile wakichukua maelezo ya waliodhurika pale mjini, naye akaniambia, "Mimi nitasema nilichoona. Lakini wataniuliza karatasi ilitoka wapi, na hapo mimi sijui. Wewe unajua."

Nikarudi Njoro nikamwambia rafiki yangu. Tulikuwa hatujaongea miezi mitatu. Nilimkuta kibandani anakunywa chai, nikaketi mbele yake bila kuitwa, nikamwambia simtaki aseme jina la kaka yake kama hawezi, aseme tu kwamba karatasi ilitoka mkononi mwake. Alilia sana. Akanishika mkono juu ya meza, akasema amechoka kuibeba, atakuja. Tukapatana Jumatano saa nne, mbele ya posta ya Nakuru. Nilirudi chumbani nikiwa mwepesi, nikamsamehe njia nzima.

Jumatano nilisimama posta kuanzia saa tatu na nusu. Saa tano ulikuja ujumbe: "Kaka yangu na mimi tumelala tumbo moja. Usiniandike."

Nilimwandika. Nataka hilo lijulikane, maana sikulifanya kwa ushujaa. Nililifanya kwa hasira, nikiwa nimekaa kwenye benchi la mbao na karatasi ya maelezo juu ya goti. Niliandika kwamba ramani niliichora mimi, kwamba safu ya lugha niliiweka mimi, kwamba niliiacha kwa fulani, nikaandika jina lake lote kama lilivyo kwenye rejista ya darasa. Mama fundi alikuwa kando yangu. Karani akanisomea maelezo yangu ili nithibitishe, naye mama akasikiliza akiwa amefumba macho.

Karani alipomaliza, mama akasema, "Kuna kitu hajaandika."

"Kitu gani, mama?" karani akauliza.

"Wale wa mlango wa tisa. Hao ni wa upande wa wale vijana. Waliniingiza mimi na watoto wangu chini ya kitanda chao, na yule mama akasimama mlangoni akawaambia humu hakuna mtu. Andika hiyo. Ile karatasi yake ya milango haikuwa na hiyo."

Karani akaniangalia. Nikaiandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha.

Tukitoka nilimwomba msamaha kwa mara ya kwanza kwa maneno yaliyonyooka. Alikuwa akivuka barabara, akanishika kiwiko ili pikipiki isinigonge, na tulipofika ng'ambo akakiachia. "Sijakusamehe," akasema. "Sijui kama nitakusamehe. Nilikuja na wewe kwa sababu ni wewe unajua kuandika."

Hakuna aliyewahi kuniita kuhusu maelezo yale. Rafiki yangu hakuitwa pia, wala kaka yake, kwa kadiri nijuavyo. Lakini alijua nimemwandika, na kwa muda wote uliobaki chuoni alikuwa akiniona anabadilisha upande wa njia. Watu waliotujua walidhani tuligombania mwanamume. Nadhani hata yeye ananihesabu mimi kuwa ndiye niliyemsaliti. Wakati mwingine, nikikumbuka lile shuka la foleni ya kujisajili, sina nguvu ya kumbishia.

Sikuiacha ile kozi ndogo. Nilifikiria kuiacha, nikaona kwamba kuacha ndilo jambo rahisi zaidi lililokuwa mbele yangu, na mambo rahisi nilikuwa nimeyafanya ya kutosha. Nilichukua somo la ushahidi kwa mwalimu mwingine. Mama yangu aliendelea kusema ni uwakili.

Desemba ya 2008, nikipita Nakuru kwenda nyumbani, nilimwona mama fundi kwenye varanda ya duka moja karibu na soko, na cherehani ya kukodi. Alikuwa anatia zipu kwenye jaketi la mtu aliyekuwa amesimama anasubiri na shati tu, akitetemeka. Nikamwamkia. Akaitikia. Akauliza kama mama yangu hajambo, kama nimeolewa, kama mvua imenyesha Naivasha. Nikajibu yote. Kulikuwa na stuli kando yake, juu yake amepanga vitambaa. Hakuvitoa. Nilisimama hadi akamaliza zipu, nikamuaga, nikaenda zangu stendi.